Chumba cha Moshi cha Bi Pelagia

Nchi yetu ilikuwa na jina zuri, lakini jina hilo limekodishwa kwa mwekezaji na mkataba unatukataza kulitamka. Sisi tunaiita nchi yetu. Mwekezaji naye anaiita yake, na mpaka leo hakuna aliyegombana na mwenzake.

Nasimulia haya kwa sababu kuna watu wanaopitapita vijiweni wakidai kwamba serikali ilimwonea mjane mmoja mwenye ukumbi wa puli. Mimi nilikuwepo. Mjane huyo ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu Fulgensi, na katika mji wetu hakuna anayempenda kuliko mimi. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa. Msomaji mwenye akili timamu ataona mwenyewe kwamba serikali haikukosea popote, na mimi pia sikukosea.

Ukumbi unaitwa Kwa Pelagia. Una meza mbili za puli, kaunta ya soda na chapati, na nyuma yake chumba kimoja ambamo Bi Pelagia analala. Au alikuwa analala, lakini nisiende haraka. Bi Pelagia ana pumu. Kaka yangu alikufa kwa kifua, na kifua kile hakukipata shambani, alikipata mle mle ukumbini, kwa kuvuta moshi wa watu wengine maisha yake yote ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kushika sigara. Wakati ule moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba mchezaji aliuliza kwanza mpira mweupe uko wapi ndipo aupige.

Mimi navuta, lakini kidogo, na kwa huzuni.

Bi Pelagia alitusihi miaka na miaka. "Jamani, ndugu zangu, sigara nje. Kifua changu hakiwezi." Wakati wa kiangazi tulimjibu kwamba nje kuna jua. Masika tulimjibu kwamba nje kuna mvua. Miezi isiyo na jua wala mvua, Kasiano mwenye bucha alimjibu kwa niaba yetu kwamba nje kuna watu. Shemeji alikuwa akitikisa kichwa, anavuta dawa yake ya inhela, anarudi kugeuza chapati. Hakuwahi kumfukuza mtu. Pengine hapo ndipo alipoanzia kukosea, maana mpole hupewa kiti cha mwisho.

*

Sasa niwaeleze desturi moja aliyoiacha kaka. Kwa Pelagia, kesi humalizwa mezani. Mkigombana, iwe mpaka wa kiwanja, iwe posa, iwe mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, mnacheza mchezo mmoja tu. Anayeuingiza mpira mweusi kihalali ameshinda kesi, na hakuna rufaa. Mahakama ya kata yetu ilikaribia kufungwa kwa kukosa kazi. Hakimu mwenyewe alikuja siku moja na mkwewe kumaliza ugomvi wa ng'ombe wa mahari, akashindwa, akapeana mkono na mkwewe, na ng'ombe wakaenda.

Kijana aliyeijua desturi hii kuliko wote alikuwa Anakleti Sombi. Huyu alikulia mle ukumbini. Wazazi wake walikuwa mbali kikazi, na Bi Pelagia alimlisha kama mwanawe wa kumzaa. Kaka ndiye aliyemfundisha kushika fimbo, kuinamisha kidevu, na kutomwangalia mpinzani machoni. Hili la mwisho lilimsaidia sana alipoingia kwenye siasa.

Aliporudi kugombea ubunge, Anakleti alisimama juu ya meza yetu ya puli, viatu vyote, akasema, "Mama yangu huyu hapa anakosa hewa kwenye nyumba yake mwenyewe. Nipeni kura, niwape pumzi." Bi Pelagia alilia. Wanawake wote wa kata wakalia. Kauli ile ikafupishwa kuwa Pumzi Kwanza, ikapakwa kwenye kuta za mji mzima, na shemeji ndiye aliyetembea nyumba kwa nyumba kuomba kura, akisimama kila baada ya milango michache ili apumue.

Anakleti alishinda. Rais wetu, ambaye anapenda vijana wenye kaulimbiu fupi, akamuundia wizara mpya, Wizara ya Pumzi.

*

Bunge lilijadili Sheria ya Pumzi kwa uchungu mkubwa, na wabunge walipozidiwa na uchungu walitoka kwenda kuvuta. Mwishowe ikapita. Ikawa marufuku kuvuta sigara ndani ya ukumbi wowote wa puli nchini. Ukumbi wa puli tu. Ofisi, mabaraza ya viongozi na hospitali za rufaa zilisamehewa kwa kuwa wavutaji wa huko wana majukumu.

Wizara ikanunua magari mapya ya kusimamia hewa. Yalitoa moshi mweusi mpaka kuku wakapotea njia, lakini sheria ilikwisha kueleza kwamba huo ni moshi wa kazi.

Tukaletewa Afisa Pumzi wa Wilaya, Bwana Lukelo, kijana mtanashati aliyesomeshwa nje ya nchi kwa gharama ya taifa ili anoe pua. Alivaa beji iliyoandikwa Pua ya Serikali. Hakuwa na chombo kingine. Aliingia ukumbini, akafumba macho, akanusa, akatoa hukumu. Kila asubuhi alivuta sigara moja ili kuikumbusha pua yake harufu ya adui.

Kwa kipindi kifupi sheria ilifanya kazi, na baadaye ikathibitika kwamba hilo lilikuwa kosa la kiufundi.

Nakumbuka kipindi kile. Shemeji alipaka kuta chokaa. Aliimba nyimbo za kwaya akisukuma chapati. Siku moja Kasiano alisema upuuzi wake, shemeji akacheka, na nikagundua kwamba tangu nimjue sikuwahi kusikia mwisho wa kicheko chake, maana siku zote kilikatwa katikati na kikohozi. Safari hii kilifika mpaka mwisho.

"Shemeji," aliniambia, "leo nimepanda kilima cha kisimani bila kusimama. Anakleti ni mtoto mwema. Fulgensi angekuwepo angeona."

Nikamjibu kwamba ndiyo. Nilikuwa nimesimama nje, juani, na sigara yangu ilikuwa haina ladha.

*

Tatizo likagunduliwa Hazina. Nchi yetu ina kiwanda kimoja cha sigara, cha serikali, na watu waliotolewa nje walikuwa wanavuta nusu, wanatupa, wanarudi kucheza. Mauzo yakaanguka. Na kwa bahati mbaya Wizara ya Pumzi ilikuwa inalipiwa mishahara kwa ushuru wa sigara. Wataalamu wakakaa wakaona kwamba wananchi wakizidi kupumua, Wizara ya Pumzi itakata roho.

Ndipo ikaja Kanuni ya Nyongeza. Ilisema kwamba mvutaji naye ni binadamu, ana mama, na kumwacha kwenye jua na mvua ni kumdhalilisha. Kwa hiyo kila ukumbi wa puli utenge, ndani ya jengo hilohilo, Chumba cha Moshi chenye mlango, dirisha na hadhi. Ukumbi usio na chumba hicho ufungwe.

Bwana Lukelo alikuja na kanuni ile asubuhi, akaagiza chapati, akala kwanza.

"Mama," akasema akifuta vidole, "Chumba cha Moshi kiko wapi?"

"Sina, mwanangu. Nina ukumbi huu na chumba changu cha kulala."

"Vizuri. Kumbe unacho."

"Nimesema cha kulala."

"Unalala muda gani, Mama?"

"Usiku, kama watu."

"Basi mchana kinakaa bure. Nchi maskini kama yetu haiwezi kuruhusu chumba kikae bure."

"Na usiku?"

"Usiku moshi unahitaji nafasi ya kutoka."

Shemeji alimtazama kwa muda. Halafu akaniangalia mimi, nami nikaangalia chapati.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi ndiye niliyeiomba sheria hii. Niliiomba kwa sababu ya kifua changu. Anakleti anajua."

"Mheshimiwa anajua sana," alisema Bwana Lukelo. "Chumba chako amekitaja yeye mwenyewe. Amesema anakikumbuka tangu utotoni, kina dirisha zuri."

Hapo Bi Pelagia alikaa chini. Alikaa kwenye kreti ya soda akiwa ameshika kijiti cha kusukumia chapati, na chapati iliyokuwa jikoni ikaungua, naye hakuinuka kuigeuza.

*

Serikali yetu haichukui chumba cha mtu hivi hivi. Iliunda Kamati ya Moshi Bora ili wananchi wenyewe waamue. Wajumbe walikuwa hakimu wa kata, Kasiano wa bucha, na mimi nikiwa mwenyekiti. Nilikubali uenyekiti kwa nia moja tu, kumlinda shemeji yangu kutokea ndani. Nilipewa kofia na tai ya wizara.

Tulikaa, tukajadili, tukapiga kura ya siri. Chumba kikapita kwa kauli moja. Kura yangu ilikuwa ya siri na siri hiyo nimeitunza mpaka leo.

Wakatoa kitanda. Wakaingiza viti vya plastiki na mabakuli ya majivu. Picha ya kaka waliiacha ukutani, kwa heshima, na bakuli kubwa kuliko yote likawekwa chini yake kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na msumari wa kutundikia tangazo la mahali pa majivu. Shemeji alihamishia godoro lake ukumbini, nyuma ya kaunta, akadhani amepata nafuu. Bwana Lukelo akaja, akafumba macho, akanusa. Akaeleza kwamba mtu aliyelala anatoa hewa iliyokwisha kutumika, na ukumbi wa michezo ni eneo la hewa mpya. Godoro likatoka.

Akawa analala kwenye jiko la kuni la jirani yake. Nilimwambia avumilie. Nilimwambia mgeni njoo mwenyeji apone, na kwamba Mheshimiwa Waziri yuko njiani kuja kukizindua chumba, atamweleza mwenyewe.

"Huyo mgeni anayekuja," alinijibu, "mimi ndiye niliyemnyoa nywele za utoto."

Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya zamani, inayokatika kila baada ya maneno mawili.

*

Mheshimiwa Anakleti Sombi alifika mchana na msafara wa magari ya hewa. Tulipomaliza kukohoa tukapiga makofi. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye mlango wa chumba cha shemeji. Itifaki ilitaka sigara ya uzinduzi iwashwe kabla ya hotuba na isizimike mpaka utepe ukatwe, na kazi ya kuishika sigara hiyo nilipewa mimi, nikiwa mwenyekiti. Nikasimama kwenye kizingiti cha chumba, karibu na kona ya meza.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "binadamu wa kwanza alipumua. Wa pili alipumua baada ya kufuata utaratibu. Serikali yenu sikivu imesikia kilio cha asiyevuta, ikampa ukumbi. Imesikia kilio cha anayevuta, ikampa chumba. Nani amebaki?"

"Hakuna," tukajibu.

"Nimebaki mimi, Anakleti," alisema Bi Pelagia.

Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, amevaa gauni lake la kanisani, mkononi ana fimbo ya marehemu kaka. Walinzi walimsogelea, lakini waandishi walikwisha kuinua kamera, na Mheshimiwa alijenga jina lake lote juu ya mama huyu. Akatabasamu. "Mama yangu huyo," akawaambia.

"Una kesi na mimi," alisema shemeji. "Umekichukua chumba changu. Humu ndani kesi humalizwa mezani, unajua. Nikikushinda unanirudishia. Ukinishinda naondoka mjini wala hutanisikia tena."

Mheshimiwa aliangalia kamera, akavua koti.

Ulikuwa mchezo mzuri. Walinzi walishangilia kila alipopiga Mheshimiwa, hata alipokosa, na mara mbili msaidizi wake aliurudisha mpira akieleza kwamba lile lilikuwa jaribio. Bi Pelagia alicheza polepole. Kati ya pigo na pigo alishika ukingo wa meza, akavuta inhela, akasubiri kifua kitulie. Anakleti alimaliza mipira yake kwanza, akaupiga mweusi kwa nguvu za kiserikali, ukagonga kingo, ukaja kusimama karibu na shimo la kona, upande wangu.

Shemeji alikuwa na mpira mmoja. Akauingiza. Akabaki yeye na mweusi. Akainamisha kidevu kama alivyokuwa akifanya kaka, akaugusa mweupe kidogo tu. Mweusi ukajongea. Ukafika mdomoni mwa shimo, ukasita, ukatumbukia. Mweupe ukabaki katikati ya meza, peke yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Pelagia alisimama wima, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu kanuni ile ije niliona mabega yake yameshuka.

"Mama umecheza vizuri," alisema Mheshimiwa. Alikuwa amekwisha kuvaa koti. "Ila mmeona mweusi ulivyosita? Ulisimama kabisa. Halafu ukasukumwa na upepo."

"Upepo gani, Anakleti? Madirisha yamefungwa."

"Hewa, Mama. Hewa safi hutembea. Na hewa safi iliyomo ndani ya kumbi zote za puli, kwa mujibu wa Sheria ya Pumzi, ni mali ya Wizara yangu. Kwa hiyo mpira mweusi umeingizwa na Wizara." Akawageukia waandishi. "Lakini mimi si dikteta. Mashahidi wapo. Waulizwe."

Hakimu wa kata, yule aliyeachia ng'ombe zake kwenye meza hiyohiyo, alikohoa, akasema kwamba kwa maoni yake kulikuwa na msukumo wa kimazingira. Kasiano wa bucha, anayekunywa chai pale kila asubuhi tangu ukumbi ufunguliwe, alisema aliona pazia likicheza. Ukumbi ule hauna pazia.

"Na wewe, Mwenyekiti?" aliniuliza Mheshimiwa. "Ndiwe uliyekuwa karibu na shimo kuliko wote. Na ni ndugu wa familia."

Shemeji hakuniangalia kwa kuniomba. Aliniangalia kama mtu anayesubiri chenji yake dukani kwa mtu anayemjua, hana wasiwasi wowote.

Nikasema nilihisi kaupepo.

Sikusema upepo. Nilisema kaupepo, na naomba hilo lieleweke.

*

Bi Pelagia aliilaza fimbo ya kaka juu ya meza, akatoka kwa mlango wa nyuma. Utepe ukakatwa. Mheshimiwa alikuwa amechoka na mchezo, hakuwa na haja ya kuingia chumbani. Akaichukua sigara ya uzinduzi mkononi mwangu, akaivuta palepale ukumbini, amekaa juu ya meza. Bwana Lukelo alifumba macho, akanusa, akasema kwamba huu ni moshi wa ushindi, na sheria haikuutaja. Akamshikia kisahani cha majivu. Basi na wengine wakawasha.

Nilimfuata shemeji. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha nje, karibu na pipa la maji, anaitikisa inhela yake kuona kama bado ina kitu. Godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Kwa hiyo alikuwa amelifunga tangu asubuhi, kabla ya mchezo, na sijui kama alilifunga ili alirudishe ndani au ili aondoke nalo.

"Shemeji," nikamwambia, "mambo ya serikali hayo. Usiyatie moyoni."

Alivuta pumzi mpaka akaipata.

"Mweusi ulipokuwa unaingia, wewe ulisimama wapi?"

"Kwenye kona. Pale mlangoni kwa chumba."

"Sigara ulikuwa umeishika wewe?"

"Ndiyo, kwa mujibu wa itifaki."

"Ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

"Na moshi wake ulikuwa unaelekea wapi?"

Nilitafuta jibu, lakini shemeji yangu ni mtu ambaye sijawahi kumdanganya.

"Juu," nikasema.

"Umenyooka?"

"Umenyooka."

Akatingisha kichwa, akainuka, akajitwika godoro. Mle ndani walikuwa wananiita kwa cheo changu.

"Nenda, shemeji," akasema. "Zamu yako imefika."

Nikarudi ndani. Niliumia, siwezi kuficha. Mtu mliyekula naye sahani moja miaka yote, akuhoji namna ile peupe, juani, kana kwamba mimi ndiye niliyemtoa nyumbani kwake.